Prilodi Si Dawa ya Springi Mbaya

Wasee wa dati baiki, hii story ya "kaza tu prilodi" iishe. Kila wikendi mtu anaruka, anatua, shokabu za mbele zinagonga mpaka mwisho, mikono inakufa ganzi. Kabla avue helmeti, mjuaji ashafika na spana. "Kaza kidogo, itakuwa ngumu." Anakaza. Mruko unaofuata, kishindo ni kilekile.

Prilodi haifanyi springi iwe ngumu. Haijawahi. Ni kuibana tu springi kabla hujapanda, iwe kwa kuzungusha kifuniko cha juu ama kuongeza washa ndani. Ugumu wenyewe uko kwa waya: unene wake, upana wa mzunguko, idadi ya mizunguko. Hapo spana haifiki. Ukitaka ugumu mwingine, tafuta springi nyingine. Robert Hooke alichapisha hii kitu 1678, na sisi tukaikariri Form Two. Chuo niliacha, hesabu sikuacha.

Hebu tuzipige. Una springi mbili, kila moja njutoni 4.0 kwa milimita. Pamoja ni 8. Shokabu ikizama milimita 280, zinasukuma na njutoni 2,240. Sasa bana milimita 10 za prilodi: umeongeza njutoni 80, basi. Unapata 2,320, yaani asilimia 3 na nusu hivi. Toa hizo, weka za 4.4 bila kukaza chochote: 2,464. Asilimia 10. Mjuaji na spana yake hawezi kukupea hiyo.

Na kukaza sana kuna gharama. Pua ya pikipiki inainuka, tairi inakosa nafasi ya kushuka kwa shimo, kona inakataa kukata. Sasa uko na nduthi iliyo juu mbele na bado inagonga chini. Hongera.

Kinachoniuma ni kwamba hii kitu imeandikwa. Fungua kitabu cha KTM EXC: springi zinazokuja nayo ni za mtu wa kilo 75 hadi 85. Nani kati yetu alisoma? Mmenunua za mkono wa pili, mwenyewe wa kwanza hamjui alikuwa na kilo ngapi wala aliweka nini ndani. Kuna dem wa kilo 54 anaambiwa hana mikono ya dati baiki, kumbe springi ni za mtu mwenye kilo 30 kumshinda. Kuna jamaa tunaendesha naye Ngong, kilo 98, alikazwa mpaka kifuniko kikagoma. Alitua vibaya, akavunja kifundo cha mkono. Tukamcheka ati hajui kuruka.

Halafu mtaniambia springi ni bei. Sawa, na ile ekzosi ya kelele? Stika? Ulizeni bei ya springi kwanza ndio tuongee. Ekzosi haishiki uzito wako ukitua.

Ukitaka kujua zako, vaa kila kitu, buti, helmeti, maji mgongoni. Pima shokabu tairi ikiwa hewani, halafu pima tena ukiwa umesimama juu yake, mtu akishikilia nduthi wima. Tofauti ndio kuzama kwako. Nyuma, pikipiki kubwa ya milimita 300 inataka kama theluthi moja. Mbele ni chini ya hapo kiasi. Rekebisha na prilodi, hiyo ndio kazi yake. Kisha shuka, pima nduthi ikiwa peke yake. Hapa ndio wengi hukosea: kama peke yake haizami karibu kabisa, watasema springi ni ngumu. La. Ni laini mno, imebanwa sana ndio ikubebe. Na kama inazama sana peke yake na bado kipimo chako kiko sawa, springi ni ngumu kwako.

Funga pia kamba ya plastiki, ile ya kushikia waya, kwa bomba linalong'aa karibu na sili, uende mizunguko mitatu ya nguvu. Ikisukumwa nusu tu ya safari na wewe ni mwepesi, unajua nani wa kumpigia, na si yule wa spana.