Neno la Mhariri: Mizani Iko kwa Nani?

Toleo hili limezaliwa na ugomvi ambao, kusema kweli, umenichosha. Taylor Swift alipotoa The Life of a Showgirl tarehe 3 Oktoba 2025, albamu ya nyimbo 12, aliiuza kwa sura zaidi ya 30: santuri za rangi hii na ile, sidii zenye picha tofauti, nyingine zikiwa na nyimbo za nyongeza na muda mfupi wa kuzinunua. Wiki ya kwanza Marekani zikahesabiwa nakala zaidi ya milioni 4, usikilizaji ukiwa umejumlishwa humo, na rekodi ya Adele ya mauzo ya wiki moja iliyosimama tangu 2015 ikaanguka. Mashabiki wake wenyewe wakaanza kunung'unika kwamba wanakamuliwa. Mpaka hapo sina neno. Kilichoniudhi ni namna lawama hiyo ilivyovuka bahari ikatua huku Kenya, Kericho na Bomet, ikiwa imepata mshitakiwa mwingine. Ghafla kila mtu ana somo la kumfundisha msanii wa Kikalenjin anayeweka chini ya video yake namba ya Skiza, huduma ya nyimbo anazosikia anayekupigia simu. Tamaa, wanasema, wasanii wamegeuka wachuuzi. Makala mbili za toleo hili zinasema hivyo, moja kwa ufasaha mkubwa. Nimezichapisha zote mbili, na sikubaliani na yoyote.

Wanaoona haya muziki kuwa bidhaa wamesahau historia ya mji wao. Kericho ndiko kulikokuwa na duka na lebo ya A. P. Chandarana, na humo zilitoka santuri ndogo za mizunguko 45 za benga, ya Waluo na ya Wakipsigis. Chukua moja uitazame: karatasi ya duara katikati ina jina la wimbo, geuza na mara nyingi utalikuta jina lilelile, limeongezewa tu kwamba hii ni sehemu ya pili. Wimbo haukuenea upande mmoja. Magitaa yanaanza kupamba moto, sindano inafika ukingoni, mchezaji anasimama katikati ya sakafu akingoja santuri igeuzwe. Mnunuzi alijua anachokinunua, akalipa mara moja, akaenda nacho nyumbani. Hata kabla ya hapo, mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipofika nchi ya Wakipsigis na mashine zake za kurekodi, aliwakuta wasichana wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku pamoja na gramafoni. Bidhaa ya nyota wa Marekani basi si mgeni katika vilima hivi. Wasichana waliipokea, wakaitengenezea kwato. Aibu iko upande wa pili wa habari hiyo. Wimbo wa wasichana hao ulitolewa na kutolewa tena kwa wasikilizaji wa mbali, ilhali rekodi yenyewe ilirudishwa mwaka 2014 kwa jamii iliyouimba, miaka 64 baada ya kuchukuliwa.

Kwa hiyo anayeuza simlaumu kwa kuuza. Swali langu ni moja, na msomaji atanisamehe nikilishikilia kuliko nafasi ya mhariri inavyoruhusu: nani ameshika mizani, na mizani hiyo inapima nini? Chati ya Marekani haihesabu watu, inahesabu nakala. Shabiki mmoja akinunua majalada manne ya albamu ileile, chati inaona mauzo manne, na siku ya pili magazeti yanaandika kuhusu mapenzi ya umma. Kwamba kiini cha jambo ni mizani, ushahidi upo. Mwaka 2018 wanamuziki wa Marekani walikuwa wakiuza fulana na tiketi zilizofungashwa pamoja na albamu, na kila fulana ikahesabiwa kama albamu. Nicki Minaj na Travis Scott waligombana hadharani mwaka huo kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2020 Billboard, inayotoa chati hiyo, ikabadilisha kanuni, fulana ikaondolewa kwenye kipimo. Je, tamaa ilipungua? Haikupungua. Ilihama kutoka kwenye fulana ikaenda kwenye rangi za santuri, kwa sababu rangi bado zilikuwa zinahesabika. Mahali mizani ilipoelekea ndipo gunia lilipopelekwa. Ukimhubiria muuzaji kuhusu kiasi huku umeiacha kanuni ya kuhesabu ilivyo, unapoteza pumzi.

Watu wa majani chai hawana haja ya kufundishwa hili. Mkulima wa Litein au Mogogosiek anajua kwamba vita vya kwanza si vya bei ya Mombasa, ni vya kituo cha kununulia. Gunia linaning'inizwa, karani anasoma kilo, zinakatwa za gunia na za maji, na mchumaji aliyeamka na umande anaandikiwa namba ambayo hakuisoma mwenyewe. Wakulima walipambana miaka mingi juu ya makato hayo kabla ya mizani za kielektroniki zinazotoa risiti, na bado hawajamaliza. Halafu jani lilelile, majani mawili na chipukizi, likishasagwa kiwandani linagawanywa kwa ukubwa wa chembe, linapewa majina ya daraja, linapigwa mnada Mombasa, na mwishowe linarudi dukani ndani ya pakiti za rangi nyekundu, kijani na dhahabu. Hakuna anayeandamana kupinga rangi za pakiti. Watu huandamana siku ya bonasi, wanapotaka kujua kwa nini kilo ya magharibi ya Bonde la Ufa inalipwa pungufu ya kilo ya mashariki. Jamii inayouliza swali hilo kila mwaka juu ya chai, ikifika kwenye muziki inasahau mizani na kumkemea mchumaji.

Na sasa Skiza. Utaratibu mnaujua: neno, namba ya wimbo, ujumbe kwenda 811, na kuanzia hapo salio linakatwa kidogo kidogo mpaka siku utakapokumbuka kuusimamisha. Ukiuangalia vizuri, ni mpango mkali kuliko wa Swift. Mnunuzi wa santuri ya zambarau anabaki na santuri. Shabiki wa Skiza amekodi wimbo ambao yeye mwenyewe hausikii, anausikia anayempigia. Lakini angalia fedha zinavyogawanywa kabla ya kumtupia msanii jiwe. Kabla ya marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022, fungu lililotajwa hadharani kuwa la msanii lilikuwa asilimia 16. Marekebisho yaliweka kiwango kisichopungua asilimia 52 kwa msanii au mwenye hakimiliki, asilimia 39.5 kwa kampuni ya simu, na 8.5 kwa wakala wa kati. Ni ushindi, na waliopigania wanastahili heshima. Ila isomeni tena ile "au". Mwimbaji aliyerekodiwa kwa fedha za mwingine, akasaini karatasi asiyoielewa, anaweza kuwa sauti ya wimbo asiwe mwenye wimbo. Na hata aliye mwenye wimbo hana mizani yake ya kulinganisha: idadi ya wateja iko kwenye mitambo ya mtu mwingine, naye anapokea jibu tu. Mirabaha ya redio ni hivyo hivyo. Januari 2016 kundi la Elani lilisema wazi kwamba chama cha kukusanya mirabaha kiliwalipa shilingi 31,000 kwa mwaka ambao nyimbo zao zilichezwa kila kona ya nchi. Msanii anayejua kwamba hesabu hiyo haitamfikia, afanye nini kama si kupaza namba yake ya Skiza mpaka masikio yaume?

Nitajibiwa kwamba hakuna aliyelazimishwa: anayechoka asinunue. Jibu hilo lina nguvu kwa karanga. Diamond Platnumz alipoingia mwaka 2017 kwenye karanga na manukato, watu walicheka sana, na mimi nasema ile ilikuwa biashara safi kuliko zote tunazozizungumzia. Ukinunua karanga umenunua karanga. Hakuna chati iliyozihesabu kama nyimbo. Biashara inaharibika pale kitu kinapouzwa kwa jina la mapenzi na kuhesabiwa kwa jina lingine, na mnunuzi anaambiwa kwamba asiponunua sura ya nne amemwangusha ampendaye. Huko si kulazimishwa kwa fimbo, lakini si hiari ya sokoni pia. Nitajibiwa vilevile kuhusu mazingira, na hapo nakubali bila ubishi: Billie Eilish aliyasema mwaka 2024, plastiki ni plastiki hata ikiwa na rangi nzuri. Ila hoja hiyo inaihusu Marekani kuliko sisi, ambao santuri zetu zinasakwa na wakusanyaji wa Ulaya. Pingamizi lenye uzito kweli ni la tatu, linalosema kwamba shabiki wetu ni maskini. Kijana anayechuma majani kwa kilo hana salio la kukatwa kila siku. Ni kweli, na ndiyo sababu nataka makato yaonekane kwenye risiti, jinsi kilo zinavyoonekana. Kuomba wasanii wanyamaze hakutamrudishia shilingi hata moja.

Nina neno moja tu kuhusu uzinduzi wa albamu ambako mgeni rasmi, kwa kawaida mwanasiasa, hununua nakala moja kwa maelfu ya shilingi mbele ya kamera: makala ya tatu inaujadili vizuri, nami naongeza tu kwamba kinachonunuliwa pale si albamu. Makala ya nne inahusu redio za lugha ya Kikalenjin. Ya tano ni fupi na kali, kuhusu vijana wa hapa wanaonunua kadi za picha za waimbaji wa Korea, isomeni.

Kwa toleo lijalo tuna ombi. Msanii yeyote wa Kericho au Bomet aliye na taarifa ya malipo ya Skiza au ya mirabaha, ya mwezi wowote tangu 2022, atuletee nakala. Tutafuta jina, namba ya simu na jina la wimbo. Tutaacha tarakimu zilivyo, na tutazichapisha ukurasa wa kwanza.