Bei ya Nguo Siyo Ukosoaji

Bel-Air, komini ya Kampemba. – Pita katika barabara za Bel-Air siku ya Mungu, saa watu wanapotoka kanisani, utasikia. "Koti hilo ni la mitumba." "Viatu vile ameazima." "Suti ile, dola ngapi?" Hapa kila mtu ni mkosoaji wa mavazi, na karibu wote wana swali moja tu: bei gani?

Tabia hiyo sasa imepanda jukwaani. Msanii anamaliza kuonyesha kazi yake, jasho bado linamtoka, na mwenye mikrofoni anazungumzia alama ya kampuni iliyo kwenye shati lake. Neno moja juu ya alichofanya kwa mwili wake halisemwi. Huo si ukosoaji, ni hesabu ya duka. Mpenzi wa sanaa anapaswa kuukataa waziwazi, hasa katika mji huu ambao una Biennale yake ya sanaa tangu 2008, kazi iliyoanzishwa na kundi la Picha.

Kuna mfano unaotoka Kinshasa. Msanii Shaka Fumu Kabaka alitengeneza vazi kwa wanasesere wa watoto, wale wa plastiki ambao watu hutupa, akalivaa na kutembea nalo barabarani. Akaliita Matshozi 6 Jours, yaani machozi ya siku sita. Siku hizo ni zile za mwezi wa Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wa Kisangani, na raia wakafa kwa mabomu ya vita ambavyo havikuwa vyao. Ukiuliza bei ya vazi hilo, utaambiwa ni takataka. Ukitazama vile vichwa na mikono midogo iliyofunika mwili wa mtu mzima anayetembea kati ya watu, hauhitaji kuelezwa watoto hao ni nani. Mwenye kuuliza bei amekaa mbele ya kazi hiyo bila kuiona.

Wengine watasema mambo hayo ni ya Kinshasa na ya wageni wenye kamera. Wanasahau historia ya eneo la shaba lenyewe. Kule Luanshya, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1951 mtafiti J. Clyde Mitchell alitazama ngoma ya kalela, na mwaka 1956 akatoa kitabu juu yake. Wachezaji walikuwa vijana Wabisa waliotoka mbali na kwao kutafuta kazi. Wengi wao hawakuwa na cheo wala mshahara mkubwa. Lakini siku ya kucheza walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Palikuwa na "mfalme" mwenye suti, "daktari" mwenye joho jeupe, na mwanamke mmoja tu, "nesi", aliyepita kwa kila mchezaji na kioo na leso ili ajitengeneze. Nyimbo zao zilisifu kwao na kutania makabila mengine. Mavazi, mwendo, wimbo na utani vilikwenda pamoja. Hiyo ni sanaa ya maonyesho, na ilichezwa na watu walioishi mbali na vijiji vyao.

Serikali nayo iliwahi kuwa mkosoaji wa mavazi, na ilikuwa mkosoaji mbaya. Wakati wa Mobutu, tangu miaka ya 1970, suti na tai zilikataliwa, wanaume wakapewa abakosti. Mpaka Aprili 1990 shingo ya raia ilikuwa jambo la chama. Vijana wa Sape, na Papa Wemba mbele yao, walijibu kwa kuvaa walivyotaka. Kosa la Sape linajulikana: jina la mshonaji wa Paris linaweza kula karo ya mtoto, na hilo lisemwe bila woga. Lakini mwana-Sape wa kweli anajua kwamba bila mwendo, suti ni kitambaa tu. Kwa hilo anawashinda watangazaji wengi.

Hapa ndipo jambo linapogusa familia zilizokimbia vita. Mhamaji akifika na nguo safi, wanasema: "Huyu si mhamaji, tazama koti lake." Akifika na nguo zilizochanika, wanasema anachafua kartie. Kwa hesabu ya bei hawezi kushinda kamwe. Mama anayefua kitenge chake kimoja usiku ili akivae asubuhi hadanganyi mtu. Anatunza heshima yake mbele ya watu wasiomjua, kama wale vijana wa kalela mbele ya kioo.

Ukosoaji wa kweli hauna maana ya kusifu kila mtu. Mwigizaji anayechana shati na kujipaka matope ili "acheze mhamaji", kisha akapigiwa makofi, aambiwe usoni: hukuwatazama. Mtu anayekimbia mara nyingi huvaa nguo mbili tatu kwa pamoja, zile nzuri zaidi, kwa sababu mikono imebeba watoto. Kosa la mwigizaji huyo si umaskini wa vazi lake. Kosa lake ni uvivu wa macho.

Wako watakaosema watu wana njaa, huu si wakati wa kuzungumzia nguo. Lakini midomo hiyohiyo inacheka nguo za jirani toka asubuhi mpaka jioni. Kama mazungumzo yapo tayari, basi yafanywe kwa akili.

Wenye mikrofoni, wasema-sherehe na wasikilizaji wote, kabla ya kutaja dola, waulize mambo matatu. Vazi hili linasema nini? Mwendo wa aliyelivaa unakubaliana nalo? Na likichekwa, nani anaumia? Asiye na jibu hata moja amrudishie mwenzake mikrofoni.