Uchoyo wa Mstari Mmoja

Mwezi wa sita nilikwenda Kitura kwa bibi yangu nikiwa na laptopu ya mtumba, yenye Debian 11 niliyowekewa na rafiki kwa flashi, pamoja na sauti ya bibi mwenyewe niliyomrekodi likizo iliyotangulia. Ilikuwa zaidi ya saa mbili za maelezo: namna ya kuandaa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isichukue udongo mlimani. Nyasi zinakatwa vipi, zinapangwaje miraba miraba, udongo unafukiwa kutoka wapi, maharage yanakaa wapi. Kazi yangu ilikuwa kukaa naye tusikilize, niandike neno kwa neno, na pale Kimatengo chake kinaponishinda anisahihishe. Bibi ana miaka mingi kuliko anavyokubali. Kazi kama hii haisubiri mwakani.

Nikafungua faili. Kimya. Kwenye mipangilio ya sauti, mahali panapotakiwa kukaa jina la spika, paliandikwa Dummy Output. Yaani mashine ilikuwa inapeleka sauti kwenye spika ya kubuni, na wala haioni aibu. Bibi akaniangalia.

"Mume wangu, mbona humo ndani sisemi? Umeshanizika?"

(Ndiyo, jioni nilirudisha faili kwenye simu akajisikia kidogo, akacheka. Lakini mtu anayejua kazi ya kunukuu sauti anaelewa: kurudisha nyuma sekunde tatu mara arobaini huku unaandika kwenye kioo hicho hicho ni adhabu.)

Kesho yake nikapanda bodaboda hadi Mbinga mjini. Fundi hakuifungua hata dakika mbili. "Kaka, Linux haina sauti. Nikupigie Windows, elfu kumi na tano." Simlaumu sana. Hajawahi kusoma mahali popote, kwa lugha anayoiwaza, kwamba Linux ina sauti. Nikarudi na mashine yangu bubu, na siku ya tatu, nimekaa kilimani pale mtandao unaposhika, nikaokota jibu. Kwa Kiingereza, bila shaka, na kile cha watu wanaozungumza wao kwa wao.

Jibu lenyewe ni hili. Kwanza hakikisha sauti haijafungwa tu: fungua terminali, andika alsamixer, na ukiona MM chini ya mlingoti wowote, sogea hapo ubonyeze M mpaka iwe OO. Wengi wanapona hapo hapo. Mimi sikupona, maana mashine haikuwa inaona kadi ya sauti kabisa. Katika laptopu nyingi za prosesa za Intel za kuanzia 2018 hivi, hasa zenye maikrofoni za dijitali kwenye fremu ya kioo, sauti hupitia kwanza kwenye kijichipu kinachohitaji programu yake ndogo ili kiamke. Debian 11, ya mwaka 2021, haikuzibeba programu za aina hiyo kwenye diski yake rasmi, kwa msimamo wa kutochanganya huria na zisizo huria. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura wakalegeza, na toleo la 12 likatoka Juni 2023 likiwa nazo. Mwenye bando ashushe kifurushi kinachoitwa firmware-sof-signed. Asiye na bando, kwa amri ya sudo, atengeneze faili ndani ya /etc/modprobe.d lenye jina lolote linaloishia na .conf (langu ni sauti.conf), aandike ndani yake mstari huu:

options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1

Ahifadhi, azime, awashe. Hapo unaiambia mashine ikiache kijichipu kilale, ipite njia ya zamani. Si kila laptopu itakubali, na maikrofoni ya ndani utaipoteza. Spika zitasema.

Alama zisizofika 40! Zinaenea kwenye meseji moja na salamu za nyumbani zikabaki na nafasi. Sasa niambieni, ndugu zangu waandishi wa Kiswahili: kwa nini mstari huu haukuwa Mbinga?

Msiniambie Kiswahili hakina maneno. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Maneno yalipatikana. Ila menyu inakusaidia kazi ikienda. Ikikwama, menyu haina la kusema. Sisi tuliobaki tukahamia kwenye mchezo tuupendao: ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Miaka inakwisha tunabishana jina la mgonjwa, dawa hakuna aliyeiandika.

Hata Richard Stallman, baba wa programu huria, aliandika kwamba pengo kubwa la mifumo hii si programu, ni ukosefu wa miongozo huria. Yeye alikuwa anawaza leseni. Mimi nawaza lugha. Leseni inaniruhusu kuifungua mashine, kuichunguza, kuirekebisha. Mtoto wa Kitura aliyesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili ana ruhusa hiyo hiyo, na haimfai kitu.

Wapo watakaosema hiyo si kazi ya fasihi, ni kazi ya mafundi. Ajabu! Bibi akieleza namna ya kupanga nyasi za ngoro, tunaita fasihi simulizi, tunamfuata na kinasa sauti, tunaomba ufadhili. Mjukuu wake akieleza kwa lugha ile ile namna ya kuamsha spika, hayo si maandishi, ni "mambo ya kompyuta". Wote wawili wanafanya jambo moja: anayejua anamwambia asiyejua, kwa mpangilio, aanze na nini. Tofauti ni kwamba bibi hakuwahi kunyamaza nalo.

Sisi tunanyamaza. Na mimi nimo. Mwaka juzi Bluetooth ilinisumbua wiki nzima; nilipoiweza nikafunga mashine, nikaenda kulala. Hakuna aliyefaidika zaidi yangu.

Basi nikawasha, na bibi akasema. Dakika ya kumi na nne akanishika mkono nisimamishe. "Hapo nimeruka. Nyasi uziache kwanza zikauke, ndiyo uzipange. Mtu akisikia hivyo atapanga mbichi." Nikataka kumrekodi upya pale pale, nikakumbuka maikrofoni nimeiua kwa mkono wangu, na simu chaji imekwisha. Nikaomba peni kwa mtoto wa shule.