Daftari la Wiki: Ruhusa ya Kukaa Bure

Kisingizio

Kagera mtu mzima haendi kustarehe. Ana "kashughuli kidogo" huko aendako. Anayetamani kukiona kisiwa cha Bumbire atasema anafuata dagaa. Anayetaka kushinda ufukweni Bukoba atasema anamtembeza mgeni, na ukimtazama mgeni mwenyewe ni mjukuu wake aliyezaliwa Kashai, humo humo mjini. Hata Desemba, magari yanapomiminika kutoka Dar es Salaam, kila mmoja amekuja kusalimia wazee. Wiki hii nimewasikiliza watu wanaojiandaa kwenda Mwanza kwa meli, nikaona kwamba hao wamepata kisingizio kinachoshinda vyote.

Ufukweni

Bukoba iko magharibi mwa Ziwa Victoria, kwa hiyo jua linachomoza majini na kuzama nyuma ya vilima. Ndiyo maana jioni mchanga unawahi kupoa na familia zinateremka. Watoto wanafukuzana na mpira, vijana wanapigana picha, wazee wanakaa na sahani ya sato na ndizi wakiitazama Musira, kile kisiwa cha mawe na wavuvi kilichokaa mbele ya mji. Wenye mitumbwi ya injini huwavusha wanaotaka kufika huko, kwa bei ya maelewano. Ushauri wangu: ulizia jaketi la kuokolea kabla hujaulizia nauli. Ukijibiwa "hapa ni karibu tu, mzee", shuka.

Mvua ya alfajiri

Wageni hushangaa mvua ya Bukoba inavyopenda kunyesha asubuhi, watoto wakienda shule. Sababu iko ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto haraka na kuvuta upepo kutoka majini. Usiku mambo hugeuka: nchi inapoa, maji yanabaki na joto, na pepo za kutoka pande zote za ziwa hukutana katikati. Hewa hupanda, mawingu hujengeka, radi huanza, kisha mvua husukumwa upande wetu wa magharibi. Wahaya wa kale walimjua mwenye ziwa na dhoruba zake kwa jina la Mugasha, wakampa heshima yake kabla ya kuingia majini. Leo heshima hiyo ni kusikiliza utabiri wa hali ya hewa, na kukubali kuahirisha.

Mzigo wa Muleba

Zaidi ya nusu ya eneo la Wilaya ya Muleba ni maji, na bado wengi wa Kamachumu na Rubya wanaliona ziwa kutoka mlimani tu. Siku ya meli wanateremka bandari ya Kemondo, na mzigo unatangulia. Kuna mikungu ya ndizi iliyokomaa lakini mibichi, ili ifike Mwanza bila kuiva. Kuna kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na maganda yake ikakaushwa. Kama ni msimu, kuna senene waliokaangwa wakafungwa kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko.

Nilimsikia kijana akimwambia mama yake, "Mama, mkungu utalala chini kwenye mizigo. Wewe umebeba nini cha kulalia?" Mama hakuwa amefikiria. Kila kitu alichofunga kilikuwa cha watu wa Mwanza. Mfuko wa mkononi ndio wa msafiri mwenyewe: sweta, kwa kuwa upepo wa usiku ziwani hauna huruma; kitenge cha kujifunika; maji, chakula kikavu, tochi, na dawa kwa anayesumbuliwa na kichefuchefu.

Daraja

Tangu tarehe 19 Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi limeondoa foleni ya kivuko. Basi la Bukoba kwenda Mwanza halisubiri tena. Wapo wanaosema meli sasa imekosa maana. Mimi naona imepata maana mpya. Zamani ulipanda kwa kukosa namna; sasa anayepanda amechagua mwenyewe. Meli yenyewe, New Victoria, iliundwa Scotland na yadi ya Yarrow, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Ilirudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Meli ya umri huo haishindani na basi.

Jina kamili

Hakuna familia ya huku inayozungumzia meli bila kufikia tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba, iliyotakiwa kubeba abiria 430, ilizama ikikaribia Mwanza na kuua watu zaidi ya 800. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa wameandikwa majina, kwa hiyo ndugu walitafuta watu ambao hakuna karatasi iliyowataja. Ukifika dirisha la tiketi, usione usumbufu kuulizwa majina yako yote. Yataje polepole, hakikisha yameandikwa sawasawa. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, rudi nyumbani na mikungu yako.

Usiku kucha

Meli ikiacha Kemondo na taa za pwani zikipotea, mtandao wa simu nao huweza kukatika. Hakuna wa kukutuma dukani, hakuna kikao cha ukoo, hakuna shamba la kupalilia. Mtu aliyefanya kazi miaka yote anakaa bure hadi alfajiri, na hakuna anayemwona mvivu, maana "yuko safarini".

Ombi langu kwa wenye vyombo ni dogo: ratiba zitangazwe mapema, zibandikwe hadi sokoni Muleba na Kamachumu, si bandarini tu. Anayekwenda msibani hahitaji ratiba. Huondoka na chombo cha kwanza. Anayekwenda kutembea ndiye anayehitaji tarehe, ili apange nani atabaki na mbuzi.