Ajali Ina Kinga

Katika msiba wa kijana aliyekufa juu ya pikipiki yake ya starehe, neno moja halikosekani. Mzee atalitamka, jirani ataliitikia, na wenzake waliokuja na majaketi ya klabu watainamisha vichwa: ajali haina kinga. Kwa wafiwa neno hilo ni faraja, na faraja ya wafiwa siigusi. Lakini wale wale waliolitamka Ijumaa makaburini wanaondoka nalo barabarani Jumapili, na huko haliwi faraja tena. Linakuwa ruhusa ya kutojifunza.

Nasema na wanaopanda pikipiki kwa kupenda. Dereva wa bodaboda ana tajiri anayesubiri hesabu ya jioni na abiria anayemhimiza mgongoni. Wewe unayetoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Bagamoyo kunywa chai, au unayepandisha kona za Mombo hadi Lushoto kufurahia baridi ya Usambara, nani anakukimbiza? Saa umeichagua mwenyewe, njia umeichagua, mwendo uko mkononi mwako. Mwenye uhuru wote huo hana haki ya kuisingizia bahati.

Mei 1935, huko Dorset, Uingereza, T. E. Lawrence, askari na mwandishi aliyepata umaarufu kwa vita vya Uarabuni, alikuwa juu ya Brough Superior yake alipowakwepa vijana wawili wa baiskeli akaanguka. Hakuvaa kofia ngumu. Alifariki baada ya siku sita. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwemo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Cairns hakuishia kusema siku yake ilifika. Alianza kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki, hasa wanajeshi, na mwaka 1941 akachapisha matokeo: kofia inaokoa vichwa. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawalazimisha askari wake wa pikipiki kuivaa kazini. Leo, baada ya tafiti nyingi kujumlishwa, tunajua kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kama hiyo si kinga, kinga ni nini?

Kofia ni mwanzo tu. Mwaka 1981 Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki zilizochunguzwa papo hapo zilipotokea, katika eneo la Los Angeles. Karibu robo tatu zilikuwa migongano na vyombo vingine, na katika thuluthi mbili za migongano hiyo mwenye kosa alikuwa dereva wa chombo kile kingine, aliyekata njia ya pikipiki. Zile ambazo pikipiki ilianguka peke yake, thuluthi mbili zilikuwa kosa la mpandaji: kuzidisha breki, au kuingia kona kwa kasi akatoka nje ya njia. Na asilimia 92 ya waliopata ajali hawakuwa na mafunzo rasmi. Walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki.

Utaniambia, basi wenye magari ndio wauaji. Ni kweli wana makosa, na sheria iwabane. Lakini haki yako mahakamani haiungi mfupa uliovunjika. Ukishajua kwamba hatari kubwa iko pale gari linapokata kulia mbele yako, huwezi tena kusema umeshtukizwa. Punguza mwendo kabla ya makutano, weka vidole tayari kwenye breki, kaa pale dereva anapoweza kukuona.

Breki yenyewe tunaiogopa. Wengi wetu tumekuzwa na onyo kwamba ya mbele inapindua, hivyo tunakanyaga ya nyuma peke yake mpaka tairi linaburuzika. Ukifunga breki, uzito mwingi unahamia mbele, na nguvu kubwa ya kusimamisha iko huko. Breki ya mbele humwangusha anayeikaba ghafla, au kwenye mchanga, au akiwa amelaza pikipiki konani. Anayeibana polepole kisha akaongeza, humsimamisha mapema. Hilo hulijui kwa kuhadithiwa. Unalijua kwa kulirudia uwanjani hadi mkono uzoee.

Badala yake tunanunua ukubwa. Mtu amejifunzia Boxer ya cc 150, yenye nguvu za farasi zipatazo 12, anaruka moja kwa moja hadi Yamaha R1 inayokaribia 200. Ulaya mwenye miaka 18 huanza na pikipiki isiyozidi kilowati 35, na hapandi kubwa kabla ya kukaa miaka miwili na leseni hiyo na kufaulu mtihani mwingine au kumaliza mafunzo. Sisi kipimo chetu ni mfuko. Tena pikipiki nyingi kubwa zinatufikia zimeshatumika, na tairi likiwa na kashata nzuri hatuulizi umri wake, ingawa tarakimu nne ubavuni zinataja wiki na mwaka lilipotengenezwa.

Wapo watakaonijibu kwa imani: siku ikifika imefika. Nami naamini. Lakini muumini huyo huyo analala ndani ya chandarua, anachanja wanawe, anafunga mlango usiku. Hatujamsikia akisema malaria haina kinga. Kwa nini imani yake igeuke uzembe akishawasha injini tu?

Viongozi wa klabu, kazi hii ni yenu kwanza. Kabla ya safari ijayo tafuteni uwanja mtupu, kila mmoja afunge breki na kukata kona mbele ya wenzake mpaka aweze. Kagueni matairi. Aliyelewa, au ambaye mkanda wa kofia yake haujafungwa kidevuni, arudishwe nyumbani hata akiwa ndiye mfadhili wa safari. Na wewe uliyeweka fedha za pikipiki kubwa, toa sehemu yake ulipie mafunzo kabla hujalipia injini. Ukiona mafunzo ni gharama, basi pikipiki hiyo hujaimudu bado.