Risasi za mchezo, risasi za kweli: Bei ya uhuru kwa wabunifu wa Ukraine

MCHEZO wa kompyuta kwa kawaida si jambo la kujadiliwa pamoja na siasa za mataifa. Vijana huucheza, wazazi huulalamikia, kisha mwingine huja nao ukasahaulika.

S.T.A.L.K.E.R. 2, ulioingia sokoni Novemba 20, 2024, hauwezi kupuuzwa hivyo. Ni mchezo wa kufyatua risasi uliobuniwa na watu waliokuwa wakikimbia risasi za kweli. Yaliyowapata yanaonyesha jinsi vita vya Urusi na Ukraine vilivyoingia hata mahali ambapo watu huenda kujiburudisha.

Wabunifu wenyewe ni GSC Game World, kampuni iliyoanzishwa jijini Kyiv mnamo 1995 na Sergiy Grygorovych, wakati huo kijana ambaye hata miaka 18 alikuwa hajatimiza. Si tawi la mojawapo ya mashirika makubwa ya Marekani au Japani yanayotawala biashara hii. Hujibunia na kujichapishia michezo yake, na kwa sababu hiyo huitwa kampuni huru. Uhuru huo ndio uliotiwa katika mizani vita vilipozuka.

Kwa wasioufahamu, katika mchezo huu mtu huona ulimwengu kwa macho ya mhusika aitwaye Skif, ambaye hutangatanga akiwa na bunduki mkononi katika ardhi iliyoachwa ukiwa kandokando ya kituo cha nyuklia cha Chernobyl.

Mahali hapo ni pa kweli. Kinu nambari nne kililipuka Aprili 26, 1986, na siku iliyofuata wakazi wapatao 49,000 wa mji wa Pripyat wakahamishwa. Wabunifu walichoongeza ni dhana kwamba balaa la pili lilitokea mnamo 2006, likazaa viumbe wa kutisha na vitu vya ajabu ambavyo watu huvitafuta kwa udi na uvumba, ingawa wengi hufia huko huko.

Kulenga shabaha hakutoshi. Mhusika huona njaa, huvuja damu, hulemewa na mzigo. Bunduki yake huchakaa na kukwama asipompelekea fundi, na fundi hudai malipo. Kuna makundi yanayohasimiana, na kila anayesaidiwa leo huwa na adui atakayelipiza kesho. Uamuzi wa mchezaji ndio unaomfikisha kwenye mojawapo ya hatima nne. Huko ndiko mchezo wa vita unakokutana na ile michezo ambayo mtu hubeba maisha ya mhusika wake na kuwajibikia matendo yake.

Mchezo wa kwanza katika mfululizo huu ulitoka mnamo 2007 na kupendwa mno, hasa katika nchi zilizokuwa sehemu ya Muungano wa Usovieti. Wahusika wake wengi walizungumza Kirusi. Kwa kijana wa Moscow, Minsk au Kyiv, huu ulikuwa mchezo wa nyumbani: majumba ya ghorofa yaliyochakaa, mizaha ya kuzunguka moto, gitaa la usiku. Soko la Warusi halikuwa la ziada kwa GSC. Lilikuwa sehemu ya msingi wake.

Mchezo wa pili ulikuwa umepangiwa kutoka Aprili 28, 2022. Januari mwaka huo kampuni ikatangaza kwamba ungechelewa hadi Desemba. Kisha, Februari 24, majeshi ya Urusi yakaivamia Ukraine.

Baadhi ya wafanyakazi walihamia Prague, katika Jamhuri ya Czech, ambako afisi mpya ilifunguliwa. Wengine walibaki, kwa hiari au kwa kulazimika, kwa kuwa wanaume wa kati ya miaka 18 na 60 walikuwa wamepigwa marufuku kuondoka nchini. Wapo waliovaa magwanda na kwenda vitani. Volodymyr Yezhov, aliyewahi kufanya kazi katika mchezo wa Clear Sky wa mwaka 2008 katika mfululizo huo huo, aliuawa karibu na Bakhmut Desemba 2022.

Katika hali hiyo GSC ilichukua hatua ambayo mhasibu yeyote angeipinga. Iliacha kuuza mchezo wake nchini Urusi na kufuta sauti za Kirusi. Hata jina lilibadilishwa: Chernobyl ya matamshi ya Kirusi ikawa Chornobyl, kama Waukraine wenyewe wanavyotamka.

Herufi moja yaweza kuonekana kitu kidogo. Lakini kwa taifa ambalo mahali pake maarufu zaidi duniani palijulikana kwa lugha ya jirani anayelishambulia, ilikuwa sawa na kubadilisha hati ya umiliki wa shamba.

Majibu hayakuchelewa. Machi 2023 kampuni ilieleza kwamba wadukuzi kutoka mtandao wa kijamii wa Urusi walikuwa wameiba picha na stakabadhi za mchezo uliokuwa bado jikoni, nao wakatishia kuzianika. Miongoni mwa masharti yao ni kuombwa radhi kwa wachezaji wa Urusi na Belarus, na kufikiriwa upya kwa suala la lugha ya Kirusi. GSC ilikataa katakata. Ilichofanya ni kuwasihi mashabiki wasiyatazame yaliyovuja.

Na mchezo ulipotoka, ikasambazwa video bandia iliyojifanya kuwa ya jarida la WIRED la Marekani, ikidai kwamba mchezo huo huwapeleleza wachezaji wa Ukraine ili wasakwe na kuandikishwa jeshini. Jarida hilo halikuwa limetoa kitu kama hicho. Anayejihangaisha kuuzushia mchezo uongo wa namna hiyo bila shaka hauoni kuwa wa kitoto.

Ulinganisho ulio karibu ni Atomic Heart, mchezo mwingine wa risasi wenye maisha ya mhusika ndani yake, uliotolewa Februari 21, 2023 na kampuni ya Mundfish. Matukio yake yako mwaka 1955, katika Muungano wa Usovieti wa kubuniwa uliojaa roboti. Mundfish ina makao yake Cyprus, lakini ilishutumiwa kwa uhusiano wa waasisi na wafadhili wake na Urusi. Iliposhinikizwa iseme iko upande gani, ilijibu kwamba inapenda amani na haizungumzii siasa.

Wizara ya masuala ya dijitali ya Ukraine ilitaka Sony, Microsoft na Valve ziache kuuza mchezo huo. Mauzo yaliendelea. Mundfish ilinyamaza na soko lake likabaki. GSC ilisema na soko lake la zamani likaenda. Haiwezekani kwamba zote mbili zilimaanisha kitu kimoja kila zilipojiita kampuni huru.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba GSC ilisimama peke yake. Ilikuwa na mapatano na Microsoft yaliyoufanya mchezo utoke kwanza kwenye Xbox na kompyuta, na shirika hilo la Marekani ndilo lililotoa filamu ya kuelezea masaibu ya wabunifu hao, mwezi mmoja kabla ya mchezo kutoka. Kampuni iliyomtupa mteja mkubwa wa mashariki ilihitaji bega la kuegemea upande wa magharibi. Serikali ya Kyiv yenyewe inaijua hesabu hiyo vizuri.

Wala huruma ya wanunuzi haikufanya mchezo uwe kamili. Ulitoka ukiwa na dosari tele. Viumbe walichomoza nyuma ya mchezaji kutoka hewani, na ule mfumo uliosifiwa kwamba unaendesha maisha ya Eneo lote haukufanya kazi ilivyotarajiwa. Marekebisho ya kwanza yaligusa mambo zaidi ya 600. Ya Desemba yaligusa 1,800. Ingekuwa kampuni nyingine, ingesulubiwa.

Pamoja na hayo, nakala milioni moja ziliuzwa katika siku mbili za kwanza. Idadi hiyo ilipatikana bila soko la Urusi, na hilo ndilo jibu kwa waliosema kwamba mchezo wa Chernobyl usiozungumza Kirusi hauna wa kuununua.

Eneo lenyewe, lile la kweli, halikuachwa. Wanajeshi wa Urusi walikiteka kituo cha Chernobyl siku ya kwanza kabisa ya uvamizi na kukikalia hadi Machi 31, 2022. Usiku wa Februari 14, 2025, droni ikalitoboa jumba la chuma linalofunika mabaki ya kinu nambari nne, na wazimamoto wakapanda juu ya paa kuuzima moto. Wakati huo wabunifu wa GSC walikuwa wangali wakitoa marekebisho ya Eneo lao la kubuni.