Je, Mzee Hafai Motokaa ya Mbio?

Msomaji, yako matusi yanayovaa nguo za huruma. Moja katika hayo husikika sana katika mji wa Kisumu, na katika vijiji vya kando ya ziwa kutoka Usenge mpaka Homa Bay. Mtu mwenye mvi aonekanapo ameshika usukani wa motokaa fupi, yenye injini ya nguvu na sauti ya kunguruma, wapita njia hutazamana wakacheka. Mwenye adabu husema, "Jaduong', gari hili litakuua." Asiye na adabu husema kuwa gari lile ni la vijana, na kwamba mzee yule anautafuta ujana alioupoteza. Wote wawili wamesema neno moja. Wamesema kuwa iko siku katika kalenda ambayo, mtu akiipita, furaha fulani huwa haramu kwake, ingawa macho anayo, mikono anayo, akili anayo, na fedha ni zake.

Neno hilo nalipinga. Mimi ni mwalimu, na umri wangu haujafika miaka arobaini. Kwa hiyo siitetei nafsi yangu. Tena sina motokaa ya mbio, wala sitazamii kuipata kwa mshahara wa chaki.

Nisemapo motokaa ya mbio sikusudii zile za mashindano peke yake. Nakusudia aina kama ile Subaru Impreza yenye turbo, ambayo vijana wetu huijua kwa mlio kabla hawajaiona kwa macho. Ni motokaa iliyoundwa kuondoka upesi, kukata kona bila kuyumba, na kusimama upesi vilevile. Imekaa chini karibu na ardhi, hata matuta ya barabarani huikwaruza tumbo, na mwenye magoti mabovu hupata taabu kuingia na kutoka. Katika mambo haya yote, magoti ndiyo mtahini wa kwanza wa mzee, na mtahini huyo hapokei rushwa. Lakini akifaulu mtihani huo, sisi tunamzuia kwa hoja gani?

Nchi hii ina udhuru mdogo kuliko nchi nyingi wa kutojua jambo hili, maana mashindano ya Safari yamekuwako kwetu tangu mwaka 1953. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, mahali ambapo mtu wa Kisumu hufika kabla chai yake ya asubuhi haijamtoka kinywani. Alishinda Safari mwaka 1965, naye alikuwa na umri wa miaka 33. Kama angaliwasikiliza wasemao kuwa mbio ni za vijana, angaliridhika na kikombe hicho kimoja. Hakuridhika. Alishinda tena mwaka 1974 akiwa na miaka 42, na mara ya tatu mwaka 1976 akiwa na miaka 44, katika njia za matope na mawe zilizovunja motokaa za watu wadogo kuliko yeye.

Mtazame tena Björn Waldegård, mtu wa Sweden aliyezijua barabara zetu kama mwenyeji. Alishinda Safari mara nne, na mara ya mwisho, mwaka 1990, alikuwa na miaka 46. Kwa zaidi ya miaka 30 hakupatikana popote mtu wa umri mkubwa kuliko huo aliyeshinda shindano la ubingwa wa dunia la namna hiyo, mpaka Sébastien Loeb wa Ufaransa aliposhinda Monte Carlo mwezi wa Januari 2022, akiwa na miaka 47. Hata hivyo Waldegård hakuwa amemaliza. Mwaka 2011 alirudi Afrika Mashariki katika Safari ya motokaa za zamani, akaendesha Porsche 911, akashinda. Alikuwa na miaka 68. Mwanawe, Mathias, aliketi kando yake akimsomea njia. Fikiri, msomaji: mwana alisoma, baba akaendesha. Katika nyumba nyingi za kwetu, mwana angalimnyang'anya baba ufunguo.

Sisemi kuwa wazee huwashinda vijana. Mwaka 2022 Kalle Rovanperä wa Finland alishinda Safari kule Naivasha akiwa na miaka 21 tu. Vumbi la Naivasha halikumwuliza cheti cha kuzaliwa, na la mwaka 2011 halikumwuliza Waldegård.

Mpinzani wangu hatanyamaza hapa. Atasema kuwa hao ni mabingwa. Kwamba walivaa kofia za chuma, wakafungwa mikanda, wakazungukwa na vyuma ndani ya motokaa zao. Na kwamba barabara ya Kisumu kwenda Busia si uwanja wa mashindano, ina wanafunzi, ng'ombe, tuktuk na bodaboda. Amesema kweli, nami sitaki kushinda kwa hila. Umri hupunguza nguvu. Jicho la mtu wa miaka sitini hupokea yapata theluthi tu ya nuru ipokewayo na jicho la kijana wa ishirini. Taa za motokaa inayomjia humtia kiwi, na kiwi hicho huchelewa kumtoka. Mguu wake huchelewa kidogo kuifikia breki, na kidogo hicho si kitu cha kudharau: motokaa iendayo kilometa 100 kwa saa hukata karibu mita 14 katika nusu ya sekunde. Aliyewahi kupita uwanda wa Kano jioni, baina ya Ahero na mji, wadudu wa ziwani wakiwa wamejaa mbele ya taa kama moshi, anajua thamani ya mita 14. Tena katika nchi zilizohesabu ajali kwa uangalifu imeonekana kuwa hatari ya madereva, kwa kila kilometa wanayokwenda, ni kubwa sana katika ujana, hushuka kwa miaka mingi, kisha huanza kupanda tena mtu apitapo miaka sabini na kitu. Na mfupa wa mzee ukivunjika hauungi kama wa kijana.

Haya yote nayakubali. Lakini, msomaji, yapime vizuri, utaona kuwa ni hoja juu ya uendeshaji wa kila motokaa, wala si juu ya motokaa ya mbio. Jicho lisiloona tuta katika Subaru halilioni katika gari la mizigo. Basi mbona mzee aendeshapo pikapu iliyochakaa, tairi zake zimekuwa laini kama kiganja, breki zake hushika akizikanyaga mara ya tatu, amejaza magunia ya omena kutoka Dunga kwenda soko la Kibuye, hapana anayemcheka? Mbona apelekapo wajukuu shuleni kila asubuhi hapana mwana anayesema, "Baba, macho yako"? Huitwa mzee mwenye bidii, akasifiwa. Hatari ni ileile, na pengine imezidi, maana motokaa ya mbio iliyotunzwa ina breki bora na tairi bora kuliko gari lile bovu. Tofauti ni moja tu. Pikapu inawafaa wengine, na motokaa ya mbio inampendeza yeye.

Hapo ndipo ilipo siri ya kicheko chetu. Hatukuichukia hatari, tumeichukia furaha ya mzee. Tunamtaka awe kama daraja: wengine wapite juu yake, na yeye asiende popote.

Namjua mstaafu mmoja, akaaye Milimani, ambaye jina lake halina haja kutajwa. Alifanya kazi zaidi ya miaka 30. Alisomesha watoto sita na wa ndugu zake wanne. Alijenga nyumba katika dala yake, akachimba kisima, akachangia kila msiba ulioletwa mlangoni pake. Alipopata malipo yake ya mwisho, akatoa sehemu akanunua motokaa ya mbio iliyokwisha tumiwa, nyekundu, ya namna aliyoitamani tangu alipokuwa kijana akisimama kando ya barabara kuwatazama watu wa Safari wakipita. Wiki ya pili watoto wakafanya mkutano. Walikuja kutoka Nairobi na Nakuru, wakaleta na mchungaji. Walisema kuwa wanaogopa afya yake. Hawakupata kufanya mkutano kwa ajili ya afya yake alipokuwa akilala saa nne kwa usiku ili awalipie karo. Na mmoja wao, katikati ya huruma hiyo, akauliza bei ya motokaa ile ingaliweza kununua ekari ngapi.

Akiwa ni mama, mambo huzidi. Bibi mwenye wajukuu akipanda motokaa ya namna ile, watu hawasemi kuwa amezeeka tu. Husema kuwa amerogwa, au kwamba yuko mwanamume nyuma ya jambo hilo. Mwanamke hupewa umri wa kukoma kufurahi mapema kuliko mumewe, na aliyeuweka umri huo hajulikani.

Sasa tuwatazame wale wanaosemwa kuwa ndio wenye haki ya mbio. Shirika la Afya Duniani limetangaza kuwa hakuna kitu kinachoua watu wenye umri wa miaka 5 mpaka 29 kuliko ajali za barabarani. Katika Kenya, kila mwaka kuanzia 2021 mpaka 2024, waliokufa barabarani walikuwa zaidi ya 4,000. Wengi wa hao hawakuwa na motokaa. Walikuwa wakienda kwa miguu au wamepanda pikipiki. Ninyi mnaosoma insha hii mmejifunza katika somo la fizikia kuwa mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne. Mnajua basi tofauti ya kilometa 50 kwa saa, ambayo ndiyo mipaka ya sheria ndani ya miji yetu, na kilometa 100, ambazo kijana hupenda kuwaonyesha wenzake usiku wa Jumamosi. Kijana ana jicho kali na mguu mwepesi. Hili ni kweli. Lakini jicho humwambia dereva kilichopo mbele yake, wala halimwambii kama inafaa kukikimbilia. Mtu aliyeendesha miaka 40 aghalabu huona mtoto kabla mtoto hajatokea, kwa sababu ameuona mpira ukibingirika. Ujuzi huo haununuliwi pamoja na motokaa, wala haufundishwi kwa wiki chache za shule ya udereva.

Na liko jambo ambalo sijapata kulisikia likikemewa kwa nguvu inayolistahili. Mzee yuleyule tuliyemwambia aache mbio kwa ajili ya heshima yake, akifa, siku ya kumrudisha nyumbani kutoka chumba cha maiti hukusanyika msafara. Vijana hutangulia kwa motokaa na pikipiki, honi zikilia, wengine wamesimama juu ya viti, matawi mikononi, nao huyapita magari mengine katika kona na milima njia nzima. Gari lenye jeneza hukimbizwa nyuma yao. Mzee aliyenyimwa kilometa 80 kwa saa akiwa hai hupewa 120 akiwa ndani ya sanduku, na watu husema amezikwa kwa heshima.

Wasemao kuwa iwekwe sheria ya umri, kwamba mtu akifika miaka 65 asiendeshe motokaa yenye injini kubwa, wanatafuta njia fupi kwa sababu njia ya haki ina kazi. Uingereza haikumkataza mtu wa miaka 70. Inamtaka afanye upya leseni yake kila miaka mitatu na kueleza hali ya afya na macho yake. Japani, nchi iliyozitengeneza nyingi za motokaa hizi, humpima kumbukumbu na akili dereva aliyefika miaka 75. Hapa kwetu kwa miaka mingi leseni imefanywa upya kwa kulipa ada, kwa mwaka mmoja au mitatu, na fedha ikipokewa, macho hayaulizwi. Kijana asiyeona mbali hupita. Mzee mwenye mtoto wa jicho hupita, naye angaliweza kutibiwa katika hospitali ya macho ya Sabatia, si mbali na Kisumu, akarudi kuona vizuri.

Upimaji wa namna hiyo nautaka, nautaka kwa wote, na nautaka uwe mkali. Ubao wa herufi utundikwe mahali leseni itolewapo. Asimame mbele yake mwenye miaka 24 na mwenye miaka 74, kila mmoja kwa zamu yake. Kisha waketi katika kiti cha dereva, wageuze shingo mpaka waone nyuma, wakanyage breki kwa ghafula mtahini apigapo kofi. Yule mstaafu wa Milimani akishindwa, mimi mwenyewe nitamshauri auze ile nyekundu, na nitamwonea huzuni ya kweli. Akifaulu, apewe leseni yake bila mahubiri, na watoto wake wapande basi lao la Nairobi. Na huyo wa miaka 24, kama ameshindwa kuusoma mstari wa tatu, arudishe ufunguo kwa mwenyewe na angoje matatu pale Kondele pamoja nasi.